Gusisha, Subiri Mlio: Maswali Tunayoulizwa Mwanza Kuhusu Kadi na Stika za Kugusisha

Sisi ni watu wachache, tunafanyia kazi Mwanza. Kazi yetu ni kukaa na wenye vilula vya maji, wafanyabiashara wa mwaloni (soko la samaki la ufukweni), shule na wenye vyombo vya usafiri, na kupanga nao jinsi mtu wa kawaida atakavyotumia kadi au stika ya kugusisha, ile yenye chipu unayoisogeza kwenye mashine ikasomeka, bila kuhangaika. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila mara, mengi tukiwa tumekaa kwa mama lishe. Tumeyaacha karibu kama yalivyoulizwa.

Kadi yenyewe haina betri. Inasomekaje?

Ndani ya kadi kuna waya mwembamba uliozungushwa pembeni mara kadhaa, na chipu ndogo kuliko punje ya mtama. Mashine nayo ina koili yake, inayotoa uga wa sumaku unaobadilika mara milioni 13.56 kwa sekunde. Kadi ikiingia kwenye uga huo, umeme unazaliwa kwenye waya wake. Ni kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, ileile inayofanya kazi kwenye transfoma ya mtaani kwenu. Chipu ikipata umeme inaamka, inajibu kwa kuuchezesha uga huohuo, na mashine inasikia. Ukiondoa kadi, chipu inalala.

Umbali ni sentimita nne hivi, mara nyingi pungufu. Wateja wetu wengi huona huo ni udhaifu na huuliza kama kuna mashine "yenye nguvu zaidi". Kwa malipo hatuitaki. Ufupi wa umbali ndio unaotuhakikishia kwamba aliyegusisha amekusudia.

Si afadhali QR tu, kama ya lipa namba?

Mara nyingi, ndiyo. QR inachapwa kwenye karatasi, simu janja yenye kamera inaisoma, na ikichanika unachapa nyingine. Mwenye duka Makoroboi ambaye wateja wake wana simu janja hana sababu ya kuiacha. Kugusisha kunazidi pale ambapo hakuna muda wa kufungua kamera, au kuna giza, au mikono imeloa, au mteja ana kitochi. Tukiona kwako hakuna hata kimoja kati ya hivyo, tutakwambia ubaki na QR yako na pesa yako.

Mashine ninazo, kadi 500 zimeshachapwa. Kwa nini mnaniuliza habari za taa na mlio?

Hapa naomba tukae kidogo.

Ufunguo unauhisi ukizunguka kwenye kitasa. Noti unaiona ikihama kutoka mkono wako kwenda mkono wa konda. Kadi inapita hewani tu, na uga hauonekani. Kwa hiyo mtu anayegusisha anajiuliza mambo matatu kwa mpigo: niguse wapi, nishikilie muda gani, na je, imekubali? Mashine isipomjibu, atajijibu mwenyewe. Atapunga kadi kama anafukuza inzi. Ataisugua. Au ataitoa mapema na kuondoka akiamini amelipa, kisha aitwe kwa sauti mbele za watu, na hiyo kadi hataigusa tena.

Wajapani walilipitia hili kabla yetu. Katika majaribio ya mageti ya treni miaka ya 1990, kabla kadi ya Suica haijaanza kutumika mwaka 2001, chipu zilikuwa zinafanya kazi ila watu walikuwa wanakwama: hawajui pa kugusia, na wengi wanaiondoa kadi haraka mno. Akaitwa mbunifu Shunji Yamanaka, akajaribu maumbo mbalimbali ya mashine mbele ya abiria. Jibu lilikuwa jepesi ajabu. Uso wa mashine uliinamishwa nyuzi 13.5 kuelekea kwa abiria, ukawekewa taa pa kugusia. Uso ulioinama na kuwaka unauita mkono, na mkono ukifika unatua pale kidogo. Mashine inahitaji sekunde 0.2 hivi. Kile kituo kidogo cha mkono kinaitosha.

Sisi tumejifunza kwa makosa yetu. Mashine yetu ya kwanza ilikuwa na taa katikati kabisa, inapendeza. Mtu akiweka kadi, kadi inaifunika taa. Tukaipandisha juu. Ya pili ilikuwa na mlio mzuri ofisini, tukaipeleka stendi ya Buzuruga, ikamezwa na honi, wapiga debe na yule bwana wa spika anayeuza dawa ya panya. Siku hizi tunaweka mlio na taa pamoja: mlio mmoja mwembamba kwa "imekubali", miwili mizito kwa "imekataa". Sauti hizo mbili zitofautiane wazi, kwa ajili ya asiyeona na asiyesoma, maana maandishi "muamala umekamilika" kwenye kioo cha sentimita tatu hayamsaidii hata anayesoma.

Jambo jingine dogo: kata pembe moja ya kadi, au toboa tundu. Bibi asiyeona vizuri ataitambua mkobani kwa kidole.

Uga hauonekani. Nitajuaje umeishia wapi?

Chukua koili ndogo yenye taa ya LED, ipitishe mbele ya mashine gizani. Taa inawaka palipo na uga, inazimika uga unapoisha. Mwaka 2009 wabunifu wa Oslo, akiwemo Timo Arnall, walifanya hivyo mbele ya kamera iliyoachwa wazi kwa muda mrefu, nukta za taa zikachora umbo zima la uga kuzunguka mashine. Nawashauri wote mfanye, hata kwa simu. Utagundua sehemu inayosoma vizuri si lazima iwe palipochorwa alama.

Mikono yetu ina maji na magamba. Itafanya kazi Mwaloni?

Itafanya, na pengine vizuri kuliko simu. Kioo cha simu kikilowa kinachanganyikiwa. Mama anayeuza sato pale Mwaloni Kirumba atajifuta kwenye kanga mara tatu kabla ya kuandika namba ya siri. Kadi ya plastiki haijali. Masafa ya megahezi 13.56 (zile mara milioni 13.56 kwa sekunde) yanapita kwenye maji baridi ya ziwa kwa shida ndogo sana, na tope au magamba juu ya kadi si tatizo. Ikinuka, ioshe kwa sabuni.

Tahadhari ni kwa wanaotaka kuhesabu tenga za samaki kutoka mbali, lori likipita. Hiyo ni teknolojia nyingine, ya masafa ya juu kati ya megahezi 860 na 960, inayosoma kwa mita kadhaa. Hiyo maji yanaimeza, na samaki kwa sehemu kubwa ni maji, tena juu yake umemwaga barafu. Tumeona mfanyabiashara akionyeshwa mfumo huo kwa matenga matupu. Siku ya sangara wa kweli ulisoma matenga ya pembeni, ya katikati ukayaruka. Kwa dagaa waliokauka ungekuwa na nafuu, lakini kwa dagaa, kusema kweli, sado na daftari bado vinatosha.

Mashine ya kilula niiweke kimo gani?

Swali zuri kuliko yote tuliyowahi kuulizwa, na aliyeuliza alikuwa fundi bomba.

Panda Igogo, Mabatini au Bugarika asubuhi uangalie. Anayechota maji mara nyingi ni mama au binti, ndoo kichwani, pengine mtoto mgongoni, na mguu mmoja juu ya jiwe. Anao mkono mmoja huru, na kuinama hawezi. Mashine ikiwekwa kwenye kimo cha bomba, inamtaka afanye yote kabla ya kujitwisha. Hiyo ni sawa wakati wa kulipia. Lakini ikiwa anatakiwa agusishe tena ili kufunga maji, umemkwamisha: ndoo inafurika, anachagua kati ya kupoteza maji na kupoteza ndoo.

Tunapendelea kishikizo: kadi inakaa kwenye kijaluba cha mashine, kilichowekwa kimo cha kifua cha mtu mzima, wakati maji yanatoka, ikiondolewa maji yanakata. Hakuna cha kukumbuka. Tatizo lake ni kwamba watu husahau kadi pale, kwa hiyo tunaifunga na kamba ndefu ya shingoni, na ukianza kuondoka kamba inakukumbusha. Siyo ubunifu wa kupigiwa makofi, ila tangu tuweke kamba kadi hazipotei.

Watoto pia hutumwa maji. Kimo cha mtu mzima kinawazuia. Tuliweka jiwe la kupandia. Mwanza jiwe halitafutwi.

Daladala je? Inawezekana?

Kiufundi, tangu zamani. Seoul walianza kulipia mabasi kwa kadi za kugusisha mwaka 1996, Hong Kong mwaka 1997, London mwaka 2003. Hapa nchini aliyewahi kuvuka Kigamboni au kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa huenda ameiona N-Card, kadi ya kugusisha ya kulipia huko. Ugumu wa daladala ya Buhongwa uko kwa konda na kwa mazoea.

Chukua mfano huu tulioushuhudia kwenye majaribio. Mama anapanda na binti yake, kadi moja. Anagusisha, mlio mwembamba. Anagusisha tena kwa ajili ya mtoto, mlio mzito: "kadi imeshatumika." Aliyeandika programu alidhani kugusisha mara mbili ni bahati mbaya, akazuia ili kumlinda abiria asikatwe mara mbili. Konda anasema, "Mama, bado mmoja." Mama anasema, "Si nimegusisha, baba?" Foleni mlangoni, dereva anapiga honi. Wote wawili wana haki.

Siku hizi mashine yetu ya konda ina vitufe vinavyobonyezeka, 1, 2, 3. Konda anabonyeza idadi kwanza, abiria anagusisha mara moja. Na mashine inakaa mkononi mwa konda, haikufungwa mlangoni, kwa sababu hapa nauli hufuatwa abiria aliposimama. Anayening'inia ameshika bomba kwa mkono wa kulia. Ukimlazimisha kutoa kadi kwa kushoto kumpa mtu mwingine, wapo wazee watakaoona umewavunjia heshima; mashine ikimfuata yeye, anagusisha tu pale alipo, hakuna anayempa mwenzake kitu.

Faida iliyowafurahisha makonda hatukuitarajia: ugomvi wa chenji uliisha. Lawama iliyotushinda nayo ni hii: konda mmoja alituuliza, pesa yote ikienda kwa tajiri moja kwa moja, mimi hela ya chai nitatoa wapi? Hatukuwa na jibu la kitaalamu.

Mtandao ukikata katikati ya ziwa?

Ukielekea Nansio, kisiwani Ukerewe, kuna mahali simu inabaki saa ya ukutani. Mfumo unaouliza seva kila mara utakufa hapo. Chaguo ni mbili. Salio likae ndani ya kadi yenyewe, mashine ipunguze hapohapo na kupeleka hesabu baadaye ikifika gatini. Au kadi iwe na namba tu, mashine ibebe orodha ya kadi zilizozuiwa na kukubali hasara ndogo. Kwa vyombo vya majini tunachagua ya kwanza. Ina gharama zake: kadi ikipotea, kurudisha salio si rahisi, na chipu inabidi iwe ya aina yenye ulinzi mzuri.

Umeme ukikatika, mashine ndogo inaishi kwa pawabenki siku nzima.

Simu yangu inaweza kutumika?

Fungua mipangilio, tafuta neno NFC, ndilo jina la teknolojia hii ya kugusisha kwenye simu. Ukilikosa, haina. Simu nyingi za bei nafuu hazina, na ndiyo sababu hatujengi kitu chochote cha umma kinachomtegemea mteja awe nayo. Weka mashine kwa mtoa huduma, mpe mteja kadi.

Ukiwa nayo, jua antena iko wapi. Kwenye iPhone iko juu, kwenye Android nyingi iko mgongoni karibu na katikati. Watu hugusisha kitako cha simu kisha wanasema stika mbovu.

Simu yangu ina NFC lakini haisomi hereni ya ng'ombe. Kwa nini?

Ndugu zetu wa Magu na Misungwi wanauliza sana. Hereni za kielektroniki za mifugo, zile za viwango vya kimataifa, hutumia masafa ya chini, kilohezi 134.2. Simu yako inazungumza megahezi 13.56. Ni kama kumsalimia mtu "mwangaluka" na yeye hajui Kisukuma. Inahitajika mashine yake maalumu, ile ndefu kama fimbo. Ng'ombe naye hapendi kusogelewa sikio kwa sentimita nne, kwa hiyo hata kama simu ingeweza, usingeifurahia kazi hiyo.

Stika nimeibandika kwenye injini ya mtumbwi, imekufa.

Haijafa. Ibandue ujaribu. Chuma kinakula uga wa sumaku: umeme unazunguka ndani yake na kuupinga uga wa mashine, stika haipati kitu. Kuna stika za kubandikwa kwenye chuma, zenye tabaka la feraiti nyuma, kitu cha sumaku kinachoutenga uga na chuma. Ukizikosa, weka kipande cha mpira au ubao cha milimita kadhaa katikati, itasaidia kiasi. Friji, geti, mlango wa kontena, yote ni habari hiyohiyo.

Stika inabeba nini na inadumu muda gani?

Ile ya kawaida, yenye chipu ya NTAG213, inabeba baiti 144. Anwani moja ya tovuti, basi. NTAG216 inabeba 888. Mtengenezaji anahesabu miaka 10 ya kutunza data na kuandikwa upya mara 100,000, kwa hiyo jua na mikwaruzo vitaimaliza mapema zaidi. Ukiiweka hadharani, ifunge isiandikwe tena. Usipoifunga, mjanja mmoja ataandika namba yake ya malipo juu ya yako, na wateja watamlipa yeye huku wakikushukuru wewe.

Mtu akipita karibu nami anaweza kuniibia?

Kwa kukupita tu, ni vigumu. Inabidi agusane na mfuko wako. Kadi ya benki ya kugusisha inaweza kutoa namba yake ikisogelewa na simu, ila haitoi namba ya siri wala zile tarakimu tatu za nyuma.

Wizi tunaouogopa ni mwingine. Mifumo mingi ya bei rahisi inaangalia namba ya utambulisho ya chipu na kumaliza hapo. Namba hiyo si siri. Inanakilika kwenye kadi nyingine. Na chipu za MIFARE Classic, zilizoanza mwaka 1994 na bado zinauzwa kwa wingi, ulinzi wake ulivunjwa na watafiti hadharani mwaka 2008. Kwa kufungulia mlango wa stoo ya nyavu, sawa. Kwa kubeba salio la watu, hapana. Muuzaji akikuletea, muulize ni chipu gani. Akijibu "ya kawaida," ahirisha.

Kadi mbili kwenye pochi moja?

Mashine inaweza kusoma yoyote, au isisome hata moja. London iliwabidi kuwatangazia abiria watoe kadi moja pochini, baada ya watu kukatwa kwenye kadi wasiyoikusudia.

Shule yetu inataka watoto wagusishe asubuhi, mzazi apate ujumbe.

Inawezekana, na wazazi huipenda. Ila kadi inasema kadi imefika. Mtoto mmoja wa darasa la sita anaweza kuja na kadi nne za wenzake walioko ufukweni wanavua furu. Mwalimu aliyesimama getini ndiye mfumo. Mashine inamsaidia kuandika.

Pia unakusanya taarifa za watoto. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inataka wanaokusanya taarifa wajisajili. Waambie wazazi unatunza nini na kwa muda gani. Na jina la mtoto lisichapwe kubwa kwenye kadi inayoning'inia shingoni barabarani.

Gharama zinakaaje?

Kadi na stika ndizo rahisi. Mashine inafuata. Kinachokula pesa ni mtu wa kukaa dirishani kutoa kadi mpya kwa waliopoteza, kila siku, mwaka mzima. Wengi hawamweki kwenye bajeti.

Nianzie wapi kabla sijanunua chochote?

Boksi la karatasi, kadi za kawaida zisizo na chipu, na kengele ya baiskeli. Boksi lichore pa kugusia, liweke mahali penyewe, kwenye kilula au mlangoni mwa daladala iliyoegeshwa. Mwenzako ajifiche karibu, mtu akigusisha apige kengele. Halafu usiseme kitu. Usielekeze. Angalia mkono unakwenda wapi kwanza, mtu anangoja nini, anamtazama nani. Jaribu na kuchelewesha kengele sekunde mbili uone anavyofanya. Watu ishirini wanatosha kukuonyesha mashine inapaswa kutazama upande gani, na boksi ukilichoka unachana, unatengeneza lingine jioni hiyohiyo. Sisi la mwisho tulitengeneza mara saba, na mara zote saba alama ya kugusia ilihama.

Kadi ya gesti, ile ya kuwashia umeme chumbani, nayo ni hiyo?

Mara nyingi siyo. Nyingi ni swichi tu inayobonyezwa na kitu bapa. Jaribu kipande cha boksi la sabuni.